Kidole Gumba Hakifungui Neva

Maumivu yanayoanzia ndani ya kalio na kushuka nyuma ya paja, wakati mwingine mpaka kwenye shavu la mguu na unyayo, yana maelezo yaliyoenea kuliko mengine yote. Husemwa kwamba msuli mdogo wa ndani ya kalio, pirifomisi, umekaza na kufanya mafundo. Kwamba tishu zinazouzunguka zimeshikana. Kwamba neva ya siatiki inayopita hapo imebanwa. Na kwamba mkono wenye nguvu ukikandamiza vya kutosha utayavunja mafundo, utazibandua tishu na kuiachia neva. Maelezo hayo hutolewa katika vyumba vya masaji vya mahoteli ya Zanzibar na Diani, katika kumbi za mazoezi na katika video za simu. Hutolewa pia na mkandaji wa mtaani mwenye chupa ya mafuta ya simsim, ila yeye hufupisha: mshipa umejikunja, lazima ukunjuliwe. Hata baadhi ya wafiziotherapia waliosomea kazi yao miaka mingi huwaambia wagonjwa hivyohivyo.

Karibu kila sehemu ya maelezo hayo ni dhaifu. Kukanda kwenyewe kunasaidia, kwa kiasi fulani na kwa muda fulani, na wengi huinuka mkekani wakiwa wepesi kuliko walivyolala. Lakini nafuu hiyo haitokani na kitu kilichovunjwa wala kubanduliwa, na mtu akishalikubali hilo, nguvu ya mkono haiwezi tena kuwa kipimo cha tiba.

Neva ya siatiki ndiyo nene kuliko neva zote za mwili. Inapotoka nyuma ya nyonga upana wake hukaribia sentimita mbili. Huundwa na mizizi mitano: miwili ya chini ya kiuno, L4 na L5, na mitatu ya juu ya sakramu, mfupa ulio chini ya kiuno, S1 hadi S3. Mizizi hiyo huchomoza kwenye uti wa mgongo, hukutana ndani ya fupanyonga, kisha neva hutoka kupitia tundu kubwa la upande wa nyuma. Tundu hilohilo hupitisha pirifomisi, msuli unaoanzia upande wa mbele wa sakramu na kwenda kujishikiza kwenye nundu ya juu ya mfupa wa paja. Kwa watu wengi neva hupita chini ya msuli huo. Juu ya vyote viwili umelala msuli mkubwa wa kalio, ambao hakuna msuli mwingine mwilini unaoufikia kwa ukubwa, halafu mafuta, halafu ngozi. Kidole kinachodai kuukanda pirifomisi huwa kinakanda kwanza sentimita kadhaa za vitu vingine. Mkandaji anaposema “nimeupata,” alichopata kwa hakika ni mahali panapouma.

Namna pirifomisi ulivyobebeshwa lawama inaeleza mengi. Domenico Cotugno, tabibu wa Naples, alitenganisha maumivu ya neva hii na maumivu ya kiungo cha nyonga katika kitabu alichokitoa mwaka 1764, lakini kwa zaidi ya karne moja na nusu baada yake chanzo cha maumivu hayo kilibaki kuwa suala la kukisia. Mwaka 1928 Yeoman aliandika katika jarida la Lancet kuhusisha siatika, yaani maumivu ya neva hiyo, na ugonjwa wa kiungo kinachounga sakramu na nyonga, na pirifomisi ukaingizwa kwa kuwa unapita jirani. Mwaka 1934 Freiberg aliushika msuli huo kwa uzito zaidi, na baadaye akawa anaukata kwa upasuaji. Ila mwaka huohuo wa 1934, mjini Boston, Mixter na Barr walichapisha ripoti iliyogeuza somo zima: walionyesha kwamba diski ya uti wa mgongo inaweza kupasuka, kiini chake kikatoka na kuukandamiza mzizi wa neva. Tangu hapo ushahidi umeelemea upande wao. Makadirio ya kawaida katika vitabu vya tiba ni kwamba takribani kesi 90 kati ya 100 za siatika hutokana na diski, wakati pirifomisi hutajwa kuwa chanzo katika kesi kati ya 0.3 na 6 kwa kila 100 za maumivu ya kiuno na siatika. Tofauti kubwa kati ya makadirio hayo mawili ya mwisho yenyewe inaonyesha jinsi utambuzi wa pirifomisi usivyo na mizani ya kuaminika.

Robinson, aliyeipa hali hii jina la sindromu ya pirifomisi mwaka 1947, alikuwa mwangalifu kuliko waliomfuata. Alitaka mgonjwa awe amewahi kuumia sehemu ya kalio, kwa mfano kwa kuanguka. Alitaka uvimbe mrefu kama soseji uweze kupapaswa juu ya msuli. Alitaka mguu ulionyooshwa ukiinuliwa ulete maumivu. Na aliangalia kama misuli ya kalio imeanza kusinyaa. Masharti hayo yamedondoka njiani moja baada ya jingine. Siku hizi dereva wa daladala anayekaa saa kumi na mbili kwenye kiti kilichobonyea, karani wa ofisini na mama mjamzito wote huambiwa jina lilelile baada ya kubonyezwa kalio mara mbili.

Watetezi wa pirifomisi hukimbilia anatomia. Ni kweli kwamba neva haipiti njia moja kwa watu wote. Beaton na Anson waliainisha mapito hayo mwishoni mwa miaka ya 1930: kwa baadhi ya watu sehemu ya neva huupasua msuli katikati, kwa wengine hupita juu yake. Hoja inayojengwa hapo ni kwamba mwenye mpito usio wa kawaida yuko hatarini kubanwa. Inaonekana ya busara hadi idadi zinapolinganishwa. Mapitio ya Smoll ya mwaka 2010, yaliyokusanya maelfu ya miili iliyopasuliwa, yalikuta mpito usio wa kawaida katika takribani asilimia 17 ya miili hiyo. Miongoni mwa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji kwa sababu ya sindromu ya pirifomisi, kiwango kilikuwa karibu asilimia 16. Kama mpito huo ungekuwa ndio unaoleta ugonjwa, ungekuwa mwingi zaidi kwa wagonjwa kuliko kwa watu wa kawaida. Hauko hivyo.

Linafuata dai la kuvunja. Tishu ngumu za mwili, utando mnene unaofunika misuli ya paja na ule wa unyayo, hazikuumbwa zibonyee kwa kidole. Mwaka 2008 Chaudhry na wenzake walitengeneza kielelezo cha kihisabati cha tishu hizo, wakakokotoa nguvu inayohitajika kuzibadili umbo. Ili utando wa paja au wa unyayo ubonyee kwa asilimia moja tu, kielelezo kilidai mzigo wa zaidi ya kilo 800. Hakuna mkandaji mwenye uzito huo, na hakuna mgonjwa ambaye angeinuka baada ya kuwekewa. Utando mwembamba wa pua, ambao nao waliupima, ulikubali kubadilika kwa nguvu ndogo, na ni haki kulitaja hilo, kwa sababu wanaouza tiba ya utando hulitumia kana kwamba kalio na pua ni mamoja. Kielelezo cha hisabati si mwili, hilo nalo linakubalika. Ila anayedai kwamba kidole chake kinatenda kile ambacho hesabu inasema hakiwezekani ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha, na baada ya miongo mingi ya biashara hii hakuna aliyeonyesha kwa kipimo, kabla na baada ya kukandwa, tishu zilizokuwa zimeshikana na sasa zimeachana.

Tishu zilizoshikana kweli zipo, na Afrika Mashariki inazijua kuliko sehemu nyingi. Nchini Uganda madaktari wa upasuaji wameandika kuhusu watoto ambao, baada ya kuchomwa sindano za makalio mara kwa mara, hasa za kwinini wakati wa malaria, misuli yao ya kalio iligeuka kuwa makovu magumu. Mtoto wa namna hiyo hawezi kuchuchumaa magoti yakiwa pamoja. Akikaa lazima atanue miguu. Huko hakuna ubishi kuhusu kuwepo kwa kovu: linaonekana, linapapasika na linaondoa uwezo wa kiungo kukunjika. Tiba yake ni kisu cha daktari, ambaye hulikata kovu ili nyonga irudi kukunjika. Kama mkono ungeweza kuvunja tishu zilizoshikana ndani ya kalio, watoto hao ndio wangekuwa wa kwanza kunufaika. Kovu halisi halitii kidole. Lile linalosemekana kutii kidole halijawahi kuonekana.

Hali kama hiyo iko kwa watu wazima wachache ambao neva yao imebanwa kweli ndani ya kalio. Madaktari wanaoingiza kamera ndogo eneo hilo wamekuta nyuzi za kovu zilizoifunga neva, mishipa ya damu iliyopita vibaya, au misuli mingine kabisa, kama ile midogo iliyo chini ya pirifomisi. Ndiyo maana wataalamu wengi sasa hupendelea kuizungumzia sindromu ya kina cha kalio, wasiutaje msuli mmoja. Kwa mtetezi wa kukanda habari hii ina makali pande mbili: inathibitisha kwamba kubanwa kupo, na papo hapo inaonyesha kwamba kinachobana mara nyingi ni kitu ambacho kukibonyeza kutoka nje ni kuisukuma neva dhidi yake.

Nguzo ya tatu ni mafundo. Wazo la nukta zenye uchungu ndani ya msuli, ambazo zikibonyezwa hupeleka maumivu mbali, lilienezwa na Janet Travell na David Simons katika vitabu vyao vikubwa viwili, cha mwaka 1983 na cha mwaka 1992 kilichoshughulikia nusu ya chini ya mwili. Travell hakuwa mtu wa mitaani. Alikuwa daktari wa Rais Kennedy, ambaye mgongo wake ulimsumbua maisha yake yote, na heshima hiyo ililisaidia wazo lake kusafiri. Tatizo lilijitokeza watu walipoanza kuwapima wapimaji. Wachunguzi wawili wenye uzoefu wakipewa mgonjwa mmoja, bila kuambiana kitu, mara nyingi hawakubaliani fundo liko wapi, na pengine hawakubaliani kama lipo. Mapitio kadhaa ya tafiti, yaliyoanza kutoka karibu mwaka 2008, yalifikia hitimisho hilo, na mwaka 2015 Quintner, Bove na Cohen waliuchambua msingi wote wa nadharia hiyo katika jarida la Rheumatology na kuukuta mtupu.

Kwamba mahali fulani kalioni panauma pakibonyezwa, hilo halina ubishi. Ubishi uko katika maana yake. Mzizi wa neva uliovimba kiunoni hufanya eneo zima linalohudumiwa nao kuwa na hisia kali kupita kiasi, kalio likiwemo. Aidha, neva yenye afya ikibonyezwa hutoa hisia ndogo tu, ilhali neva iliyowashwa kiunoni hutoa mishtuko mikali hata inapoguswa mbali na pale ilipoumia. Kwa hiyo mgonjwa mwenye diski iliyopasuka akibonyezwa katikati ya kalio atahisi umeme ukishuka mguuni, mkandaji atasema “ndiyo hapa penyewe,” na mgonjwa ataamini, maana ni nani atakayebishana na mshtuko aliousikia mwenyewe? Kipimo hicho hakitofautishi mwenye diski na mwenye kalio. Kinathibitisha ugonjwa wowote atakao mpimaji, yaani hakipimi kitu.

Kama hakuna kinachovunjwa wala kubanduliwa, nafuu inatoka wapi? Sehemu ya jibu ilianza kuonekana mwaka 1965, Ronald Melzack na Patrick Wall walipopendekeza kwamba ujumbe wa maumivu hauingii kwenye ubongo moja kwa moja, unapitia vizuizi ndani ya uti wa mgongo ambavyo mguso na ujumbe unaoshuka kutoka kwenye ubongo vinaweza kuvifunga au kuvifungua. Undani wa nadharia yao umesahihishwa mara nyingi tangu hapo, ila kiini kimebaki. Mkono wenye joto unaopita juu ya kalio hutuma ujumbe mwingi wa mguso, misuli iliyokuwa imejikaza kujilinda hulegea, pumzi hushuka, hofu ya kwamba kuna kitu kimeharibika vibaya hupungua kwa kuwa kuna mtu anayeshughulika. Yote hayo hutokea ndani ya mfumo wa neva. Hata kuongezeka kwa uwezo wa kunyoosha mguu baada ya kukandwa kuna maelezo ya aina hiyo: Weppler na Magnusson, mwaka 2010, walipitia tafiti za kunyoosha misuli na kuonyesha kwamba msuli haurefuki katika wiki chache za mazoezi hayo, anachopata mtu ni ustahimilivu zaidi wa mvuto uleule.

Ushahidi mzito kuliko wote dhidi ya itikadi ya nguvu umetoka kwenye jaribio moja la Marekani. Mwaka 2011 Cherkin na wenzake, mjini Seattle, walichapisha matokeo ya watu 401 wenye maumivu sugu ya kiuno. Kundi moja lilikandwa kwa ufundi wa kitaalamu, ule wa kutafuta tishu zenye kasoro na kuzifanyia kazi. Kundi la pili lilikandwa masaji ya kawaida ya kustarehesha. La tatu liliendelea na matibabu ya kila siku. Baada ya wiki kumi, zaidi ya theluthi moja ya waliokandwa, wa aina zote mbili, walisema maumivu yamepungua sana au yamekwisha, wakati katika kundi lisilokandwa waliosema hivyo walikuwa 4 kwa kila 100. Kukanda kulishinda. Lakini kati ya ufundi wa kuwinda kasoro na masaji ya starehe haikupatikana tofauti yenye maana kwa mgonjwa, na baada ya mwaka mmoja faida ya zote mbili ilikuwa imefifia sana. Jaribio hilo lilihusu kiuno, halikuhusu siatika, na hilo lisifichwe. Ila kama ufundi wa kufuata tishu ungekuwa na nguvu inayodaiwa, mahali pa kuionyesha palikuwa pale, kwa kuwa kiuno kiko karibu na mkono kuliko kina cha kalio.

Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2015, yaliyojumlisha majaribio 25 na watu 3,096, yaliona nafuu ya muda mfupi kwa maumivu ya kiuno, yakaonya kwamba ubora wa ushahidi ni mdogo. Mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza wa mwaka 2016, unaohusu kiuno na siatika kwa pamoja, unaruhusu tiba ya mikono, masaji ikiwemo, kwa sharti moja: iambatane na mazoezi, isitolewe peke yake. Huo ndio uzito halisi wa jambo hili katika mizani ya tiba. Si bure, na si muujiza.

Kuna jambo jingine linaloupa mkono sifa isiyo yake, nalo ni wakati. Siatika nyingi hupoa zenyewe. Diski iliyotoka huliwa taratibu na seli za kinga za mwili; uchambuzi uliojumlisha tafiti za picha za uti wa mgongo umeonyesha kwamba takribani theluthi mbili ya diski zilizotoka hupungua zenyewe bila upasuaji. Katika jaribio la Uholanzi lililochapishwa na Peul na wenzake mwaka 2007, wagonjwa 283 wenye siatika kali ya wiki 6 hadi 12 waligawanywa, wengine wakafanyiwa upasuaji mapema, wengine wakasubiri. Waliofanyiwa upasuaji walipata nafuu haraka zaidi, na baadhi ya waliosubiri hatimaye walipasuliwa. Ila mwaka ulipotimia asilimia 95 ya kila kundi walijiona wamepona. Mgonjwa anayekwenda kwa mkandaji huenda siku maumivu yalipofikia kilele, na baada ya kilele hakuna njia ila kushuka. Akikandwa mara sita katika miezi miwili, mara ya sita ndiyo inayopewa shukrani.

Wanaotetea nguvu huleta hoja ya uzoefu: maumivu ya kukandwa ni mazuri, yakiisha mwili unajisikia mpya. Ni kauli ya “dawa ya moto ni moto” ikihamishiwa kwenye nyama ya mtu. Maumivu makali ya ghafla huamsha vizuizi vya ubongo dhidi ya maumivu mengine, na yanapokoma hubaki kipindi cha wepesi. Kipindi hicho ni cha kweli. Vilevile huwa kifupi, na hakihitaji kalio lipondwe; mwendo wa dakika ishirini unaweza kuamsha vizuizi hivyohivyo. Pia anayestahimili maumivu na kulipia huwa tayari kuona matokeo, jambo ambalo kila mwenye duka analijua.

Madhara ya imani hii ni ya aina mbili, na ya kwanza ni madogo. Kukandamizwa kwa viwiko, kukanyagwa mgongoni na watoto, kubingirishwa juu ya mpira mgumu: vyote vinaweza kuacha michubuko ya ndani, na kwa neva ambayo tayari imewashwa vinaweza kuongeza siku za mateso. Majarida ya tiba yana ripoti za watu waliokandwa kwa nguvu hadi seli za misuli zikapasuka na kuzielemea figo, na za damu iliyoganda mguuni ikang’oka. Matukio hayo ni machache. Anayetumia dawa za kuyeyusha damu au mwenye shavu la mguu lililovimba upande mmoja asikandwe hata kidogo kabla ya kuonwa na daktari.

Madhara ya pili ni makubwa, kwa kuwa hayaonekani: utambuzi unaochelewa. Mwenye kuamini kwamba kila maumivu ya kalio ni fundo hatafuti kitu kingine. Kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho katika ukanda huu si ugonjwa wa vitabuni, huweza kuanza kwa maumivu ya kiuno na mguu, homa za jioni na kupungua uzito, na mgonjwa akakandwa kwa miezi huku pingili zikiliwa. Mkanda wa jeshi huweza kuchoma kalio na paja siku kadhaa kabla ya vipele kutokea. Mwenye seli mundu anaweza kuwa na kichwa cha mfupa wa paja kinachokufa kwa kukosa damu, na maumivu yake hukaa kalioni na kwenye kinena. Usaha unaweza kujikusanya ndani ya kalio lililochomwa sindano. Saratani ya tezi dume hupenda kusambaa kwenye mifupa ya kiuno na nyonga, na mzee anayelalamika kalio usiku, wakati amelala tu, hapaswi kupelekewa mafuta ya karafuu. Kisha kuna hali ambayo haina subira: diski kubwa inapobana kundi zima la mizizi ya chini, mtu hupata ganzi katikati ya mapaja, hushindwa kukojoa au hujikojolea bila kujua, na miguu yote miwili hulegea. Huyo anahitaji hospitali yenye upasuaji saa hiyohiyo. Akicheleweshwa anaweza kubaki na ulemavu huo maisha yake yote.

Watetezi wa mkono hujibu kwamba mkandaji yupo karibu na hospitali iko mbali. Hoja hiyo ni ya kweli na inastahili uzito kuliko zote. Wafiziotherapia wanaohitimu KCMC Moshi au KMTC Nairobi hawawafikii wagonjwa wengi wa vijijini, picha ya MRI hugharimu zaidi ya uwezo wa familia nyingi, na vidonge havijaleta ushindi: jaribio la mwaka 2017 la dawa ya pregabalin kwa siatika halikuona faida kuliko kidonge kisicho na dawa. Kwa watu wengi mkono wa mkandaji ndio tiba pekee iliyo jirani. Hiyo ni sababu ya mkono huo kubeba maelezo sahihi. Mkandaji anayejua kwamba anatuliza mfumo wa neva ataacha kutafuta mahali panapouma zaidi. Atauliza maswali kabla ya kupaka mafuta. Na hatamwambia mtu kwamba msuli wake umeoza au neva yake imenyongwa, maneno ambayo humfanya mgonjwa aogope kuinama kwa miaka.

Uchunguzi wa kwanza hauhitaji mashine. Mgonjwa huulizwa kuhusu haja ndogo na kubwa, ganzi ya mapajani, homa, uzito, ajali, sindano na maumivu ya usiku. Husimamishwa kwa visigino, kisha kwa vidole, kila mguu kwa zamu: asiyeweza kusimama kwa kisigino ana udhaifu unaoelekeza L5, asiyeweza kunyanyuka kwa vidole ana udhaifu wa S1. Hulazwa chali na mguu ulionyooshwa huinuliwa polepole. Umeme ukishuka chini ya goti kabla mguu haujafika juu, mashaka huelekea kiunoni, kalio likaachwa. Maumivu yanayobaki kalioni, yanayozidi mtu akikaa na yanayoamshwa goti linapovutwa kuelekea bega la upande wa pili, hayo ndiyo yanayoruhusu kulifikiria kalio lenyewe. Hopayian na wenzake, katika mapitio ya kesi waliyoyachapisha mwaka 2010, walikuta dalili za namna hiyo ndizo zinazojirudia zaidi.

Asiye na alama ya hatari anaweza kukandwa, na ufundi wenyewe si mgumu. Alale kwa ubavu usiouma, mto katikati ya magoti, nyonga na goti vikunjwe nusu ili neva isivutike. Kiganja chote kitumike badala ya ncha ya kidole au kiwiko, kwa shinikizo ambalo mgonjwa anaweza kulipumulia bila kukaza taya. Mkono uanzie kiunoni, upite kalioni na kushuka pembeni ya paja, ukiepuka mstari wa katikati ambako neva iko. Umeme ukishuka mguuni, mkono uondoke hapo. Mshtuko huo ni neva ikilalamika, na kuendelea kuubonyeza hakuna jina zuri. Dakika kumi na tano zinatosha. Nafuu itakayopatikana itumiwe papo hapo: mgonjwa ainuke atembee, akunje na kukunjua goti taratibu akiwa amekaa ili neva iteleze njiani mwake, ainue nyonga akiwa amelala chali, na siku zinazofuata aongeze mwendo. Dereva na fundi cherehani wasimame kila nusu saa, hata kwa dakika moja. Kulala kitandani siku nyingi, ushauri wa zamani usiotaka kufa, hakuharakishi kupona.

Idadi ya vikao nayo iwe na mpaka unaotajwa mwanzoni. Baada ya vikao vitatu au vinne, mgonjwa ambaye halali vizuri zaidi wala hatembei mbali zaidi hatasaidiwa na cha tano, na mkandaji mwaminifu humwambia hivyo kabla ya kupokea pesa yake. Maumivu ya mguu yaliyofikisha wiki sita bila dalili ya kupungua yapelekwe kwa daktari, kwa kuwa hapo ndipo picha ya kiuno huanza kuwa na faida na mazungumzo ya sindano ya steroidi au upasuaji huwa na maana. Aliyeanza kuburuta mguu, au ambaye ganzi inapanda badala ya kushuka, hangojei wiki sita.